Mukubwa wa sekta akikuonea, nani atachunguza?

Tuseme mama wa soko anadaiwa taksi bila kupewa kitansi. Akikataa, anatiwa kasho. Akiwa Kasongo ao Kabambare, atashitaki wapi?

Njia ya kwanza ni barua. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali, peke yake ao pamoja na wenzake. Mukubwa aliyeandikiwa anapaswa kujibu katika miezi 3, na hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu kwa sababu ameandika. Kwa hiyo, bakia na kopi yenye muhuri na tarehe. Bila hiyo, miezi 3 itahesabiwa toka siku gani?

Lakini barua hiyo inabaki ndani ya serikali ileile. Kwa sheria ya Oktoba 2008, anayesimamia sekta na sheferi ni gavana, naye anaweza kumwachia kazi hiyo mukubwa wa teritware.

Uchunguzi usio chini ya gavana ni wa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Kwa Maniema, ofisi yake iko Kindu. Inapokea mashitaki, inachunguza haki zilizovunjwa, inatembelea magereza na kasho. Ila haikati kesi; hiyo ni kazi ya tribinali.

Basi mama yule aandike barua mbili: ya taksi kwa gavana, ya kasho kwa CNDH.