Tulipanda Vilima Kufuata Baiskeli Kigali

Kwetu Kilimatinde hakuna mtu anayepanda baiskeli kwa starehe. Baiskeli ni madumu ya maji, gunia la mkaa na mgonjwa aliyekaa kwenye keria akipelekwa hospitali. Ndiyo maana nilipomwambia mjomba kwamba mimi na mume wangu tumechukua likizo kwenda Rwanda kutazama watu wanaoshindana kwa baiskeli, tena sehemu ya safari tutapiga pedeli wenyewe, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nauli imewaishia?"

Ngoja nikupe stori yote. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalianza 1921, na miaka yote hiyo hayakuwahi kufanyika Afrika. Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, yakaja Kigali. Mume wangu ni mgonjwa wa baiskeli. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kurudi na jezi ya kijani, nyumbani kwetu hakukukalika.

Ila mpenzi msomaji, safari hii haikuwa ya baiskeli tu. Miezi miwili kabla, nilikuta kwenye begi lake nakala ya fomu ya kuomba uhamisho kwenda Mwanza. Hakuwa ameniambia. Mimi kazi yangu iko Dar, yeye anajua. Tukaanza kuishi kama wapangaji wawili: "Umekula?" "Nimekula." Basi.

Mbona hukugeuka?

Mazoezi tulifanyia nyumbani, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kushuka ni raha, upepo usoni. Kupanda, nilisukuma kwa miguu huku watoto wakinicheka. Kisha tukapakia baiskeli kwenye basi: Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, mpaka Rusumo.

Ukivuka daraja la Mto Kagera unahama upande. Rwanda wanaendesha kulia. Tulifuata lami kidogo, halafu tukaingia barabara za ndani za vumbi jekundu, migomba huku na huku, kilima baada ya kilima. Abanyonzi, yaani wenzao wa daladala za baiskeli za kule Shinyanga, walitupita na mizigo yao bila hata kuhema.

Siku ya pili, katikati ya mlima, tairi langu la nyuma likapata pancha. Pampu na viraka viko kwenye begi la mume wangu, na mume wangu ameshavuka kilele. Simu haina mtandao. Nilikaa chini ya mgomba karibu dakika 40, hasira zinapanda kuliko mlima wenyewe. Hatimaye akatokea, anashuka mbio.

"Mbona hukuniita?"

"Mbona hukugeuka?"

Akanyamaza. Nikaona nimalizie kabisa: "Na Mwanza je, uligeuka?" Hakujibu. Alipiga magoti, akatoa tyubu, akapaka gundi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kuanzia pale alipanda nyuma yangu mpaka Kigali.

Mzunguko mara 15

Jumapili ya tarehe 28, barabara nyingi zilifungwa, na kuwa na baiskeli ikawa ujanja. Tulisimama Kimihurura, kilima cha mawe chenye urefu wa kilomita 1.3. Hulipi kitu, na uzuri wake ni kwamba mzunguko wa kilomita 15 ulirudiwa mara 15, kwa hiyo unawaona tena na tena. Watu walijaa mpaka juu ya kuta, ngoma, filimbi, bendera za Eritrea kila kona. Yaani raha!

Wanaume walikimbia kilomita 267.5. Tadej Pogačar wa Slovenia alibaki peke yake kilomita 66 za mwisho na akashinda. Remco Evenepoel wa Ubelgiji akawa wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Waliomaliza ni 30 tu, kati ya zaidi ya 160 walioanza.

Mimi niliwatazama zaidi wale walioacha. Mume wangu akanieleza kwamba wengi wao kazi yao ni kumkinga nahodha na upepo, kumletea maji, kuvuta kundi mpaka miguu ikatae, kisha wanashuka.

"Wanamfanyia mwenzao," akasema.

"Lakini wameambiwa kabla ya kuanza," nikamjibu.

Alikaa kimya mizunguko miwili. Halafu akasema, "Nilijua utakataa. Ndiyo maana sikukuuliza."

Usiku, tukiwa gesti, miguu kwenye beseni la maji ya moto, tulizungumza mpaka saa nane. Nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi kazi ya Dar inavyomchosha. Yeye akasikia kwamba sikuwa nimekataa Mwanza. Nilikataa kuikuta kwenye begi. Kesho yake alipiga simu kazini kuomba wasubiri kidogo.

Bado hatujaamua, bana. Ila siku hizi "umekula?" inafuatiwa na swali lingine.

Tuliporudi Kilimatinde, nikaamkia, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, nani kashinda?"

Nilimtazama mume wangu, anafunga baiskeli mbili kwa kamba moja.

"Mzungu mmoja wa Slovenia," nikasema.

Na wewe mwenzangu, ukipanga safari ya namna hii, gawaneni vifaa: kila mmoja na pampu yake, viraka vyake, maji yake. Mengine yote mtaulizana njiani.