Rojo la jibini la moto: sherehe ambayo kila mtu anachovya

Je, darasani kwenu yupo rafiki ambaye kila ikifika sherehe anakaa pembeni na soda yake, wenzake wakigombania sambusa, chapati na maandazi? Ukimkaribisha anasema, "Nimeshiba, asante." Wengine wanasema anaringa. Wengine wanasema anadeka. Na kama amekonda na anaharisha mara kwa mara, ndiyo kabisa, minong'ono inaanza: eti "ameshaukwaa".

Vijana wenzangu, taratibu! Kwanza, hakuna binadamu anayeweza kujua kwa macho nani ana virusi vya UKIMWI na nani hana. Hata kama angekuwa navyo, hiyo si sababu ya kumnong'ona. Pili, yapo magonjwa mengine mengi yanayomkondesha mtu, na moja wapo linaletwa na hiyo hiyo chapati mnayomlazimisha ale. Leo tutaongea juu ya ugonjwa huo, halafu tutaingia jikoni kupika kitu ambacho yeye na nyinyi mtakula sahani moja.

Gluteni ni kitu gani?

Ukikanda unga wa ngano unaona unavutika kama ubani wa kutafuna. Kinachouvuta ni protini iitwayo gluteni. Imo kwenye ngano, shayiri na rai. Wengi wetu tunaila bila shida yoyote. Lakini kuna watu ambao gluteni ikiingia tumboni, kinga ya mwili wao inaiona kama adui, na katika vita hivyo inaumiza utumbo mwembamba wenyewe. Ndani ya utumbo huo kuna vinyweleo vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo vikishasagika, taulo linakuwa shuka. Mtu anakula vizuri lakini mwili haupati kitu. Ndipo anapoharisha, tumbo linajaa gesi, damu inapungua kwa kukosa madini ya chuma, anachoka hovyo. Kijana anaweza kuchelewa kurefuka au kuchelewa kubalehe. Na wapo ambao hawaharishi hata siku moja; wao ni upungufu wa damu tu usioisha hata wakimeza vidonge.

Ugonjwa huu unaitwa siliaki. Hauambukizi. Mwelekeo wa kuupata unarithiwa, kwa hiyo ukimpata mtu mmoja, ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe.

Aliyegundua kwamba mchawi ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika Uholanzi. Watoto wake wenye siliaki, badala ya kuzidi kudhoofika, wakapata nafuu! Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Aliandika matokeo yake mwaka 1950, na mpaka leo dawa ni ile ile: kuacha gluteni maisha yote.

"Si ni ugonjwa wa Wazungu huo?" Hapana. Duniani inakadiriwa mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi hawajijui. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba watoto wa Kisaharawi, kule Afrika ya kaskazini-magharibi, karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao. Huku kwetu wanaopimwa ni wachache mno, basi tunadhani haupo.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kama unajishuku, USIACHE ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kwa kuchokozwa na gluteni. Ukiiacha kwa muda, askari wanapungua na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Nenda kwanza kwa daktari. Kila zahanati haina kipimo hiki, ulizia hospitali kubwa. Mara nyingi kinafuata kipimo cha kuchukua kinyama kidogo cha utumbo kwa mpira unaopitia mdomoni.

Sasa tuingie jikoni

Tunapika rojo zito la jibini, la moto, la kuchovyea. Kwa kawaida wapishi hulikoroga kwa unga wa ngano ili lishikane. Sisi tutatumia konflawa, ule wanga mweupe laini wa mahindi unaopikia kastadi. Soma pakiti yake: iandikwe ni wanga wa mahindi peke yake. Sembe haifai hapa, inabaki na chengachenga mdomoni.

Kwa watu kama 10 tafuta maziwa nusu lita, konflawa vijiko 2 vya chakula, jibini gramu 250, siagi kijiko 1, kitunguu maji 1, punje 2 za kitunguu saumu, hoho 1, nyanya 2 zilizotolewa mbegu na maji, na chumvi. Pilipili kwa kadiri ya ujasiri wenu. Mimi natia pilipili mbuzi nzima ielee tu, kisha naitoa kabla haijapasuka.

Jibini ni ghali, tusidanganyane. Ndiyo maana hiki ni chakula cha kuchangishana. Ile inayotengenezwa hapa nchini, mathalani Njombe na Tanga, inafaa sana. Mkipata ya aina mbili ni vizuri zaidi: laini inayovutika, na ngumu iliyokaa siku nyingi, yenye ladha kali. Hela ikipungua, tumieni gramu 150 na kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa na kupondwa laini. Wageni hawatajua.

Kwanza kwaruza jibini yote iwe nyuzinyuzi, uweke kando. Kaanga kitunguu na hoho kwenye siagi mpaka vilainike, kisha kitunguu saumu. Koroga konflawa kwenye maziwa kidogo YA BARIDI mpaka mabonge yaishe. Ukiitupa kwenye maziwa ya moto utapata vidonge, na vidonge vile haviyeyuki hata ufanyeje. Mimina maziwa yaliyobaki kwenye sufuria, yakianza kuchemka tia ule mchanganyiko wa konflawa huku unakoroga bila kuacha. Yakitokota dakika moja au mbili yatakuwa mazito.

Sasa ipua. Ndiyo, ipua sufuria kabisa! Tia jibini konzi moja, koroga iyeyuke, ndipo konzi nyingine. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jibini ikichemshwa sana, protini zake zinajikunja na kukamua mafuta nje. Unabaki na bonge kama mpira likiogelea kwenye mafuta. Ule wanga wa mahindi unakaa katikati yao na kuwazuia wasishikane, lakini nao una kikomo. Mwisho tia nyanya, onja chumvi. Onja kwanza, kwa sababu jibini yenyewe ina chumvi.

Wachovyee nini? Hapo ndipo nchi yetu ina raha. Mihogo ya kukaanga, ndizi mbichi za kukaanga, kripsi za viazi, karoti mbichi, hata viazi vitamu vya kuchoma. Vyote havina gluteni hata chembe.

Mitego

Havina chembe mpaka wewe uitie. Mafuta yaliyokaangia sambusa na maandazi jana yamebaki na unga. Ukikaangia mihogo leo umeshamwumiza mwenzio. Tumia mafuta mapya. Kama mnatumia unga wowote uliosagwa mashineni, jiulizeni ulisagwa baada ya nini, maana mashine iliyotoka kusaga ngano inamwachia anayefuata mabaki. Unga wa lishe mara nyingi huwa na ngano ndani. Mchuzi wa soya wa kwenye chupa nao hutengenezwa kwa ngano, na baadhi ya viungo vya pakiti pia. Soma maandishi madogo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni bakuli lenyewe. Umepika kwa uangalifu saa nzima, anakuja mshikaji na kipande cha chapati, anachovya. Kwisha! Chembe za chapati zimeingia. Kwa hiyo ama meza nzima isiwe na ngano, ama mpakulieni mwenye siliaki bakuli lake wa kwanza kabisa, mbele ya macho yake. Msimwulize maswali ya tumbo lake mbele za watu. Mwambie tu kwa sauti ya chini umetumia nini na umekaangia wapi. Naye akikataa bado, usikasirike. Huenda ameshaugua mara nyingi kwa kuwaamini watu.

Kuna na suala la maziwa. Watu wazima wengi huku kwetu tumbo linawanguruma wakinywa maziwa, kwa sababu mwili umepunguza kutengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa. Hiyo si siliaki, ingawa mtu aliyegunduliwa siliaki karibuni anaweza kuwa na shida zote mbili mpaka utumbo upone. Jibini ngumu iliyokaa miezi ina sukari hiyo kidogo sana, lakini maziwa ya kwenye rojo letu yanayo. Anayejijua achovye kidogo kidogo.

Rojo likipoa linaganda. Weka bakuli lake ndani ya sufuria pana yenye maji ya moto juu ya jiko lenye makaa machache. Litabaki laini na halitaungua. Likishapoa lisikae mezani zaidi ya saa 2, na siku za joto kali saa 1 inatosha, kwani vijidudu navyo vinapenda maziwa. Likibaki, na friji ipo, liweke humo mapema. Kesho yake lipashe kwa moto mdogo na maziwa vijiko viwili, ukikoroga mpaka liwe la moto kote.