Sauti ya Mnadi, Bei ya Faraghani: Lugha ya Wafanyabiashara Wadogo katika Mitandao ya Kijamii

1.0 Utangulizi

Biashara ndogondogo katika Afrika Mashariki imepata, tangu miaka ya 2010, uwanja mpya wa kuuzia. Muuza viatu wa Kariakoo, fundi cherehani wa Mombasa na mwoka keki wa Nairobi hutandaza bidhaa zao katika Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, katika WhatsApp ya mwaka 2009 na katika Instagram ya mwaka 2010. Jambo moja la kihistoria halina budi kukumbukwa hapa. Njia ya kulipia ilitangulia soko lenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, yaani kabla ya muuzaji wa kawaida kuwa na ukurasa wa kuuzia. Kwa hiyo ukurasa ulipokuja, mnunuzi wa Songea alikwisha kuzoea kumtumia fedha mtu asiyeonana naye. Kilichokosekana kilikuwa maneno ya kumfanya amtumie mtu asiyemjua kabisa.

Suala hili limeshughulikiwa zaidi na wanauchumi na wataalamu wa masoko. Ushauri wao kwa mfanyabiashara mdogo aghalabu huchotwa katika mazoea ya makampuni makubwa: aonyeshe bei, afupishe maneno, atengeneze nembo. Makala haya yanalitazama suala kwa upande wa lugha, na yanadai kwamba tangazo la mfanyabiashara mdogo si tangazo la kampuni lililopunguzwa ukubwa. Ni mwendelezo wa sanaa mbili za sokoni, kunadi na kupatana bei, ambazo katika soko la kawaida hufanywa na watu tofauti mahali tofauti, lakini katika mtandao hufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Muungano huo ndio unaoeleza nguvu ya tangazo hilo, na ndio pia unaoeleza udhaifu wake.

2.0 Kunadi na Kupatana

Kitenzi nadi, chenye asili ya Kiarabu, kina maana ya kuita kwa sauti ili wote wasikie. Katika masoko ya mitumba, kama vile Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa, mnadi husimama mbele ya rundo la nguo na kuitangaza bei yake bila kificho. Bei hiyo ndiyo kiitikio cha wimbo wake: huirudia kwa mahadhi, huipandishia sauti, huikatiza kwa mzaha na kuirejea tena. Msomi wa fasihi simulizi atatambua mara moja uhusiano wa fanani na hadhira. Wapita njia huitwa, hutaniwa, hujibu, na kujibu kwao huwavuta wengine. Hakuna anayeuliza bei, maana imekwisha kumfikia kabla hajalifikia rundo lenyewe.

Dukani mambo ni kinyume. Kitambaa kimeangikwa bila kibandiko cha bei. Mnunuzi huingia, husalimu, hugusa, huuliza, huguna, hutaja nusu ya alichotajiwa. Muuzaji huapa kwamba kwa bei hiyo hapati hata faida. Mazungumzo hayo si kupoteza muda, kwani ndani yake muuzaji hupima uwezo na haja ya mnunuzi, na mnunuzi hupima ukweli wa muuzaji. Wakikubaliana, wamenunuliana na kufahamiana kwa pamoja, na mara ya pili mnunuzi hupewa bei ya mteja.

Katika ukurasa wa mtandao sanaa hizo mbili zimekutana kwa namna isiyotarajiwa. Muuzaji huita kama mnadi, kwa umma wote, kwa herufi kubwa na alama za mshangao. Lakini linapofika suala la bei hushusha sauti na kumwita mnunuzi pembeni. Huko ndiko kunakoitwa inboksi.

3.0 Msamiati na Sarufi ya Tangazo

Mfano ulio bora wa rejesta hii ni sentensi fupi iliyozoeleka mno: Mzigo mpya umeingia. Neno bidhaa, ambalo ndilo la magazeti na la hati za forodha, halikutumika. Mzigo hubeba picha ya kitu kilichofungwa, kilichosafirishwa, ambacho huenda hata muuzaji mwenyewe ndio kwanza anakifungua. Aidha, kiima cha sentensi ni mzigo wenyewe, wala si mtu aliyeuleta. Umeingia kama meli iingiavyo bandarini. Hali timilifu ya -me- inamwambia msomaji kwamba tukio limekwisha kutokea na athari zake zipo sasa hivi. Ndiyo maana sentensi inayofuata huwa ni ya kuhimiza: wahi, vimebaki viwili tu.

Sentensi ya pili ni Tunatuma mikoani. Wingi wa nafsi ya kwanza unastahili kuangaliwa, kwani mara nyingi nyuma ya tu- hiyo yupo mtu mmoja, na ghala lake ni uvungu wa kitanda. Kiambishi hicho humjengea duka ambalo bado hajalijenga. Nalo neno mikoani linaichora ramani nzima: lipo jiji, ambalo halitajwi, na yapo mengine yote. Mtu wa Mwanza anayelisoma anaelewa mara moja kwamba muuzaji yuko Dar es Salaam. Kwa upande wa vitendo-uneni, kama J. L. Austin alivyovieleza, sentensi hiyo ina umbo la taarifa lakini kazi yake ni ahadi, na kwamba ni ahadi huonekana siku mzigo usipofika.

Wapo watakaosikitika kwa sababu ya oda, ofa na saizi zilizojaa katika matangazo haya, na katika kurasa za Nairobi mchanganyiko na Kiingereza ni mkubwa zaidi. Masikitiko hayo yana haki yake, lakini yanatazama ngozi tu. Maneno ni ya kukopa, muundo wa mazungumzo ni wa soko la Waswahili.

Muuzaji wa kanga hutoa ushahidi mwingine. Kanga hununuliwa kwa jina lake kama inavyonunuliwa kwa rangi na urembo wake. Kwa hiyo anayeipiga picha ikiwa imekunjwa na kulificha jina ameonyesha kitambaa, hajaonyesha kanga. Wauzaji wanaoijua kazi yao huilaza kanga hivi kwamba maandishi yasomeke, kisha huliandika jina tena chini ya picha, na mara nyingi jina hilo ndilo tangazo zima. Hapa mtandao haukuleta jipya. Umeikuta bidhaa inayojinadi yenyewe tangu zamani.

4.0 Bei Inboksi

Hakuna kirai kinacholaumiwa zaidi na wanunuzi kuliko hiki. Mnunuzi huandika neno moja, bei?, naye hujibiwa kwa neno moja, inboksi. Wengi huliona jibu hilo kuwa ni ujanja tu. Ujanja umo, lakini si peke yake.

Kwanza, bei iliyoandikwa hadharani husomwa na washindani pia, na katika barabara ambako maduka kumi huchukua mzigo kwa mwagizaji mmoja, anayeiandika kwanza ndiye anayepunguziwa na wenzake. Pili, bei iliyoandikwa haipatani. Ikishasomwa na watu elfu moja, muuzaji hawezi kumpunguzia mmoja bila kuonekana amewapunja wengine. Inboksi inarudisha kile chumba kidogo cha dukani ambamo mtu huguna na kutaja nusu. Tatu, anayekwenda inboksi huacha jina na mara nyingi namba ya simu. Mpita njia anakuwa mtu anayeweza kuitwa tena. Lipo na la nne, ambalo halitokani na mila yoyote: mifumo inayopanga kurasa hizi huhesabu maoni ya wasomaji kuwa dalili ya mvuto. Kila bei? inayoandikwa chini ya picha ni kama mtu mmoja zaidi aliyesimama mbele ya rundo. Bei ikiwekwa wazi, sababu ya kuuliza huondoka.

Pamoja na hayo, si sahihi kuzihalalisha inboksi zote. Tofauti muhimu ni baina ya bidhaa ambayo bei yake ipo kabla ya mazungumzo na ile ambayo bei yake huzaliwa na mazungumzo. Gauni la kushonwa, keki ya harusi na kabati la mninga ni za aina ya pili. Hazina bei hadi vijulikane vipimo, kitambaa, idadi ya wageni au unene wa mbao, na fundi anayesema tuzungumze anasema kweli. Sabuni, mafuta ya nywele na madaftari ya shule ni za aina ya kwanza. Mnunuzi anajua kwamba zina bei moja, hivyo anapofichwa huhisi kwamba anapimwa mfuko. Wengi hawaendi inboksi. Hupita kimya, na kimya hicho muuzaji hakisikii. Zaidi ya hayo, muuzaji wa sabuni anayejibu swali lile lile mara hamsini kwa siku amejitwisha kazi ya kupatana pasipo na cha kupatania. Ushauri wa wataalamu wa masoko kwamba bei ionyeshwe ni sahihi kwa huyu, na ni kosa kwa fundi wa kabati.

5.0 Umbali na Uaminifu

Swali gumu katika biashara hii ni nani atangulie, fedha au mzigo. Ndani ya jiji moja swali hujibiwa na bodaboda: lipa ukipokea. Nje ya jiji mzigo hupelekwa kwa basi, na karibu kila mara muuzaji hutaka fedha kwanza. Ndiyo maana lugha ya hakikisho huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa mteja wa jirani yatosha kutaja duka na mtaa. Kwa mteja wa Mbeya huandikwa kwamba muuzaji ana miaka kadhaa kazini, hupachikwa shukrani za wateja waliotangulia, na huonyeshwa picha za maboksi yaliyofungwa pamoja na risiti za basi.

Risiti hizo ni aina ya ushahidi inayostahili uchunguzi wa peke yake. Hazimwambii msomaji kwamba bidhaa ni nzuri. Zinamwambia tu kwamba mtu mwingine alituma fedha na kitu kikaondoka. Lakini mara nyingi juu ya boksi limeandikwa jina la mpokeaji na namba yake, na picha huwekwa hivyo hivyo. Uaminifu wa muuzaji unajengwa kwa taarifa za mtu ambaye hakuombwa ruhusa. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na kidole kimoja juu ya namba wakati wa kupiga picha kingetosha kuepusha tatizo.

Matapeli nao ni wanafunzi hodari wa rejesta. Nchini Tanzania wengi wamepata kupokea ujumbe wa simu usemao ile hela tuma kwenye namba hii. Nguvu yote ya sentensi hiyo imo katika kionyeshi ile. Ile hutaja kitu ambacho wote wawili wanakijua tayari. Mpokeaji ambaye kweli ana deni au ahadi ya kutuma fedha huijazia maana mwenyewe, bila tapeli kujua chochote. Muuzaji wa mtandaoni anapobadilisha namba ya kulipia katikati ya mazungumzo bila maelezo, hujiweka katika sarufi ile ile, hata kama ni mwaminifu. Wanaolijua hilo huandika namba pamoja na jina litakalotokea katika simu ya mnunuzi kabla hajathibitisha malipo, maana ukurasa huitwa kwa jina la duka ilhali namba mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu, na tofauti hiyo isipoelezwa mapema mnunuzi husita kwenye hatua ya mwisho.

6.0 Uwanja wa Kuazima

Mfanyabiashara mdogo anaujua vyema ugeni wa mahali pa kuuzia. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara na kutakiwa kuhamia maeneo yaliyotengwa. Ukurasa wa mtandao hauna askari wa jiji, lakini nao ni uwanja wa kuazima. Mwaka 2016 Instagram iliacha kuzipanga picha kwa wakati zilipowekwa, na Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba ingetanguliza habari za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara. Julai ya mwaka huo huo Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, kodi iliyodumu hadi mwaka 2021. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita, na Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Tanzania kwa siku kadhaa. Kila mara mnadi alibaki na sauti, asiwe na soko.

Ni katika mwanga huu kwamba yafaa kukisoma kirai kingine kilichoenea: sevu namba yangu uone bidhaa kila siku. Picha za hali katika WhatsApp hudumu saa 24 tu, na kwa kawaida humfikia yule ambaye yeye na muuzaji wamehifadhiana namba. Kwa hiyo sevu si ombi la adabu. Ni kuhamisha mteja kutoka uwanja wa kuazima hadi kwenye orodha iliyo mkononi mwa muuzaji mwenyewe, na baadhi yao huzinakili namba hizo katika daftari, kwa kalamu, pamoja na saizi ya kiatu na jina la mtaa. Kitenzi hifadhi kilikuwapo tayari, lakini hakikuchaguliwa. Huenda ni kwa sababu hifadhi huelekea kitu kinachowekwa kisiguswe, kama wanyama na nyaraka, ilhali namba ya mteja huwekwa ili ipigwe.