Namba ya Maktaba ni Ahadi

Tarehe 11 Oktoba 2023, mradi wa curl, ulioanzishwa na Daniel Stenberg wa Sweden, ulitoa toleo 8.4.0 kuziba tundu baya la usalama. Maktaba yake, libcurl, imo katika programu nyingi mno zinazopokea na kutuma data mtandaoni. Hata hivyo, kwenye seva nyingi za Linux hapakuwa na haja ya kuzijenga upya programu hizo moja baada ya nyingine. Msimamizi alisasisha maktaba, akazizima na kuziwasha programu zinazoitumia, kazi ikaisha. Waliobaki na kibarua ni wenye programu zilizobeba nakala yao ya ndani.

Hiyo ndiyo faida ya maktaba ya pamoja. Msimbo unakaa katika faili moja kwenye diski, na kila programu inauita pale inapoanza kukimbia. Lakini mpango huo unasimama juu ya jambo moja: jina. Programu iliyojengwa miaka kumi iliyopita inatafuta faili iitwayo libcurl.so.4, na jina hilo halijabadilika tangu Oktoba 2006. Nyuma ya uthabiti huo wa jina kuna chombo kinachotumika kimyakimya katika miradi mingi ya lugha ya C: GNU Libtool.

Gordon Matzigkeit alianza kukiandika mwaka 1996, wakati kila kampuni ya Unix ilikuwa na taratibu zake. Maktaba ya pamoja huishia na .so kwenye Linux, .dylib kwenye macOS, .dll kwenye Windows, na HP-UX ilitumia .sl. Hata amri ya kuiambia kompaila itoe msimbo unaoweza kupakiwa popote kwenye kumbukumbu ilitofautiana: -fPIC kwa gcc, -KPIC kwa kompaila ya Solaris, +z kwa ile ya HP-UX. Mwandishi wa maktaba aliyetaka kuwafikia wote alilazimika kuzijua tofauti hizi zote. Libtool inazibeba kwa niaba yake, naye anaandika amri zilezile kila mahali:

libtool --mode=compile gcc -c salamu.c
libtool --mode=link gcc -o libsalamu.la salamu.lo -rpath /usr/local/lib -version-info 0:0:0

Anayeanza hushangaa akifungua salamu.lo au libsalamu.la na kukuta maandishi ya kawaida. Hizo ni faili za maelezo tu. Bidhaa yenyewe imo katika folda iliyofichwa iitwayo .libs. Vilevile, programu uliyoiunganisha na maktaba ambayo bado hujaisakinisha mara nyingi huwa ni skripti inayoelekeza kwenye programu halisi, ndiyo maana gdb, chombo cha kusaka hitilafu, huikataa. Iite kwa libtool --mode=execute gdb, itafunguka. Na kwenye macOS kuna programu nyingine ya Apple yenye jina hilohilo, kwa hiyo ile ya GNU huko kwa kawaida huitwa glibtool.

Hayo yote mashine inaweza kukufanyia. Kinachobaki mikononi mwako ni zile namba tatu za -version-info, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani ni namba ya toleo la kutangazia watu. Fikiria kibao cha daladala ya Mbagala–Kariakoo. Gari likibadilishwa injini, abiria halimhusu. Njia ikirefushwa mbele, wa zamani bado wanafika. Ila kituo kimoja kikiondolewa, kibao kile kinadanganya na lazima kibadilishwe.

Namba ya kwanza hutambulisha kiolesura cha sasa, yaani fanksheni ambazo programu huziita, ya pili huhesabu marekebisho ya ndani, na ya tatu husema ni violesura vingapi vya nyuma ambavyo maktaba bado inavihudumia. Umerekebisha ndani tu? Ongeza ya pili. Umeongeza fanksheni bila kugusa zilizokuwepo? Ongeza ya kwanza na ya tatu, ya pili irudi sifuri. Umeondoa au kubadilisha fanksheni yoyote? Ongeza ya kwanza, zile mbili zirudi sifuri.

Kwenye Linux, Libtool hutoa namba ya tatu katika ya kwanza, na jibu ndilo linaloingia kwenye jina ambalo programu hulitafuta. curl ya 2023 iliandika 12:0:8, faili ikawa libcurl.so.4.8.0. Kiolesura kimepanuliwa mara kadhaa tangu 2006, lakini kwa kuwa namba hizo mbili zilipanda pamoja, tofauti imebaki 4. Namba hiyo ilipotoka 3 kwenda 4, ni kwa sababu kuna uwezo wa uhamishaji wa FTP ulioondolewa.

Sasa chukua mtu anayeandika 8:4:0 ili ilingane na toleo lake la 8.4. Jina linageuka kuwa .so.8, na programu zote za zamani zinakataa kuwaka ingawa hakuna kilichovunjika. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuondoa fanksheni na kuiacha namba ileile. Programu inaipata maktaba, inaiamini, kisha inaanguka katikati ya kazi ya mteja. Libtool haitakuonya, kwa sababu haisomi maana ya msimbo wako, inaandika ulichoahidi.

Kwa hiyo usiguse namba hizi kila unapohifadhi mabadiliko. Subiri siku ya kutoa toleo, linganisha maktaba mpya na ile iliyoko kwa watumiaji kwa chombo kama abidiff, kisha andika namba kulingana na ulichokiona. Namba ya tangazo unaweza kuichagua upendavyo. Hii ya maktaba huamuliwa na programu za watu wengine.