MARADHI HAYANA CHAMA: MAFUNZO YA MIAKA YA KORONA



Mpenzi msomaji, wengi wenu mlikuwa wadogo mwaka 2020, na pengine mnachokumbuka ni shule kufungwa tu. Wazazi wenu wanakumbuka zaidi. Katika nyumba moja baba alijifukiza nyungu, mama alivaa barakoa, na kaka alisema ugonjwa wenyewe haupo. Makala hii inaeleza jinsi mgawanyiko ule ulivyotokea nchini kwetu, na la kufanya gonjwa jingine likija.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa msafiri aliyeingia kupitia Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku ya pili yake serikali ilitangaza kufunga shule. Misikiti na makanisa yaliachwa wazi, na mwezi wa Aprili Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya taifa. Alikataa pia kuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingi. Hoja moja katika hilo ilikuwa nzito: mvuvi wa dagaa na mama anayeuza migebuka mwaloni Kibirizi hula kile walichopata siku ile ile.

Takwimu za mwisho za nchi zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei Rais alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri, zikaonekana zina virusi. Kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kikajibu kwamba vipimo vile ni sahihi. Mwezi wa Juni Rais akatangaza kuwa Mungu ameuondoa ugonjwa.

Januari 2021 maaskofu Wakatoliki waliwatahadharisha waumini wao, wakati Rais akisema chanjo za nje si za kuaminiwa. Chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad ameugua korona, naye akafariki tarehe 17 Februari. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Serikali ilisema ni maradhi ya moyo, lakini wapo waliokataa kuamini. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Hata hapo ubishi haukuisha. Mbunge wa Kawe, Askofu Josephat Gwajima, aliipinga chanjo ile, naye alikuwa wa chama kile kile cha Rais.

KWA NINI TULIGAWANYIKA

Kwanza, takwimu zilinyamaza. Mtu asipojua wangapi wanaumwa, huhesabu mazishi ya mtaani kwake, na kila mtaa ukawa na hesabu yake. Uvumi ukachukua nafasi ya habari.

Pili, jambo la afya liligeuzwa alama ya upande. Aliyevaa barakoa alionekana mpinzani, na aliyejifukiza alionekana mjinga. Watu wakaacha kuuliza, "Je, ni kweli?" wakawa wanauliza, "Nani kasema?"

Tatu, dua iliwekwa kinyume na dawa, kana kwamba mja lazima achague moja.

WALIVYOFANYA WALIOTUTANGULIA

Tauni ilipoingia Sham katika zama za Sayyidna Umar (r.a.), yeye alikuwa njiani kuelekea huko. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Wazee wa Kikureshi ndio walioafikiana kwamba warudi. Abu Ubayda (r.a.) alipinga, akiona kurudi ni kukimbia qadar ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba kurudi nako kumo ndani ya qadar yake Allah. Ndipo Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na mafundisho ya Mtume (s.a.w.): tusiingie palipo na tauni, wala tusitoke pale kwa kuikimbia.

Zingatia mambo mawili hapa. Walihitilafiana waziwazi, lakini hakuna aliyemwita mwenzake msaliti. Na neno la mwisho lilikuwa la mwenye elimu ya jambo lenyewe. Abu Ubayda alibaki na watu wake akafa kwa tauni ile, na heshima yake haikupungua.

SISI WA KASINGIRIMA

Mji wetu uko njiani. Boti zinatoka Burundi na Kongo, na wageni wanaingia kila siku. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, na Watanzania wawili ni miongoni mwa waliofariki. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, mkoa jirani wa Kagera, baada ya serikali kukanusha kwanza. Kwa hiyo lingine linaweza kuja.

Likija, mwanafunzi mpenzi, jiulize maswali matatu kabla ya kusambaza neno lolote. Anayesema amejuaje? Je, ningelikubali neno hili kama lingesemwa na mtu nisiyempenda? Na likiwa si kweli, nani ataumia? Mara nyingi atakayeumia ni bibi yako nyumbani.

Omba dua, nawa mikono, nenda hospitali. Yote hayo hufanywa na mtu mmoja kwa siku moja.

Wabillahi tawfiq.