Harufu ya Petroli katika Gari Kuukuu: Inatoka Wapi?

Mwenye gari kuukuu mara nyingi hulalamikia mambo mawili kwa pamoja: gari linanuka petroli, na tangi linakauka upesi kuliko zamani. Hubadilishwa kifaa hiki, kisha kile. Fedha hutumika, na harufu hubaki palepale. Hapo kilichokosekana si ustadi wa mikono, bali ni utaratibu wa kufikiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dalili hizo mbili, zikichunguzwa kwa mpango, zaweza kutuelekeza penye kasoro kabla hata ya skurubu moja kufunguliwa. Tutazungumzia magari yenye kabureta. Magari ya siku hizi hupimiwa petroli kwa mitambo inayoongozwa na kompyuta, lakini kanuni za msingi ni zilezile.

Kwanza tupime

Neno "linakula mafuta" si kipimo. Jaza tangi hadi juu, andika kilometa, tumia gari kama kawaida, kisha jaza tena na uandike lita zilizoingia. Tuseme gari limekwenda kilometa 240 kwa lita 30. Hizo ni kilometa 8 kwa lita. Kama zamani lilikwenda kilometa 10 kwa lita, safari hiyo ingehitaji lita 24 tu. Je, lita 6 zimekwenda wapi?

Majibu ni matatu. Huenda petroli imevuja kabla ya kufika katika injini. Huenda imefika lakini haikuungua yote. Au imeungua, lakini nguvu yake imepotea bure. Jibu la tatu halina harufu: breki zinazokamata wakati wote na magurudumu yenye upepo mdogo hula petroli kimyakimya. Basi harufu ikiwapo, tunabaki na majibu mawili ya kuchunguza.

Petroli iliyovuja

Hapa swali muhimu ni: harufu husikika lini? Ikiwa husikika asubuhi, gari likiwa limelala bila kuwashwa, injini haina hatia. Kasoro imo katika tangi, kifuniko chake, mabomba, au mipira iliyopasuka kwa uzee. Harufu inayotokea tangi linapojazwa hadi juu, au gari linapopinda kona, huelekeza kwenye kifuniko na shingo ya tangi. Harufu kidogo chini ya boneti mara baada ya kuzima injini yenye joto si ajabu katika magari haya, kwani joto huchemsha petroli iliyobaki katika kabureta. Lakini ikidumu, tafuta unyevu kwenye maungio.

Mvujo mdogo usidharauliwe. Tukichukua kwamba matone 40 hufanya mililita 1, tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 2.

Upo pia mvujo usioonekana nje. Katika magari mengi ya zamani pampu ya petroli imefungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna utando wa mpira. Utando ukitoboka, petroli huingia katika oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: kikinuka petroli, na oili ikiwa imeongezeka badala ya kupungua, usiendeshe gari hilo. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na vyuma vya injini husagana.

Petroli isiyoungua

Ikiwa harufu hutoka katika bomba la moshi, injini ikiwa inafanya kazi, tugeukie kemia. Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi; tuiwakilishe kwa oktani:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba gramu 228 za oktani zahitaji gramu 800 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 23 ya uzito wa hewa, kila gramu 1 ya petroli yahitaji kiasi cha gramu 15 za hewa. Hewa ikipungua au petroli ikizidi, sehemu ya petroli haitaungua kikamilifu. Moshi huwa mweusi, na plagi zikifunguliwa huonekana na masizi meusi makavu.

Sababu za kawaida ni tatu: kichujio cha hewa kimeziba vumbi, choki imekwama ikiwa imefungwa, au sindano ndogo inayoongozwa na boya la kabureta imelika, hivyo haizuii petroli kufurika. Mahali nako huchangia. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu, hukuta kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Petroli huzidi hewa.

Lakini kama moshi si mweusi, bomba linanuka petroli na injini inatetemeka, tazama plagi: huenda silinda moja haipati cheche, na petroli yake hutoka mbichi.

Hatari mbili

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne; hutambaa chini na kujikusanya mashimoni. Hushika moto hata katika baridi iliyo chini ya sifuri. Kamwe usitafute mvujo kwa kiberiti au kibatari. Pili, petroli isiyoungua kikamilifu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoshikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kazi ya kabureta bila petroli. Simamisha mrija mfupi katika bilauri ya maji, kisha puliza kwa nguvu kwa mrija wa pili, ukipitisha pumzi juu ya mdomo wa ule wa kwanza. Maji yatapanda na kurushwa kama manyunyu. Katika koo jembamba la kabureta, hewa iendayo kasi ina kanieneo ndogo, na petroli husukumwa kupanda vivyo hivyo.

Mwanafunzi aliyeelewa jaribio hilo, akakokotoa uwiano ule na kuuliza harufu husikika wapi na lini, amekwisha kupunguza kasoro nyingi zikabaki moja au mbili. Hapo ndipo spana ifunguliwe.