Pete ya Gyges na Usiku wa Ziwani



Likizo iliyopita tulikaa siku chache kwenye mwalo mmoja nje ya jiji la Mwanza, kwa baba mdogo wa mwenzetu. Ni mvuvi wa sangara na mwanajumuiya mzuri, hasukumi mtumbwi majini kabla ya kusali rozari. Jioni moja tulimkuta anaziba nyavu zilizotoboka, na macho ya nyavu hizo yalikuwa madogo mno. Mwenzetu akamuuliza, "Baba, hizi si zimekatazwa?" Akajibu bila hasira: "Najua, mwanangu. Lakini usiku kule ziwani nani anaona? Na ada ya shule haisubiri."

Tulinyamaza. Muhula ule tulikuwa tumesoma Jamhuri, kitabu alichoandika Plato katika karne ya 4 K.K., na humo swali hilohilo limeulizwa. Kijana Glaucon anasimulia habari za mchunga kondoo wa mfalme wa Lydia aliyepata pete ya ajabu. Akigeuza kito chake kuelekea kiganjani, haonekani. Haukupita muda akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anauliza: mwadilifu na dhalimu wakipewa kila mmoja pete kama hiyo, watatofautiana nini?

Ndugu msomaji, usiku ziwani kila mvuvi ana pete hiyo kidoleni.

Plato angeweza kujibu kwa kutisha watu na adhabu, lakini anaanzia kwingine: rohoni. Anasema roho ina sehemu tatu: akili, ushupavu wa moyo, na tamaa. Akili ikishika usukani, ushupavu ukaisaidia na tamaa ikatii, mtu huyo ana haki ndani yake. Dhuluma ni kama wapiga kasia kumnyang'anya nahodha chombo. Kwa hiyo anayekosa gizani ameumia tayari, hata asipokamatwa, maana amevuruga nyumba anayoishi mwenyewe. Na juu ya yote Plato anaweka Wema wenyewe, anaoufananisha na jua: ndio unaovipa vitu kuwapo na kujulikana.

Fadhila zake nne, yaani hekima, ujasiri, kiasi na haki, si ngeni kwetu. Zimo katika Kitabu cha Hekima 8:7, kilichoandikwa kwa Kigiriki, na Katekisimu inazieleza kuanzia namba 1805. Wanaodhani falsafa ni mzigo tunaobebeshwa kabla ya teolojia wafungue hapo kwanza.

Lakini neno "najua" la baba mdogo lilitusumbua zaidi. Sokrate alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya huku akijua kweli kuwa ni ubaya. Kosa hutokana na kutojua. Aristotle alikataa. Aliona mtu anaweza kujua na bado akashindwa na tamaa, jambo ambalo Mtakatifu Paulo analikiri kwa uchungu katika Warumi 7. Kwa Aristotle fadhila hujengwa kwa mazoea. Mifano yake ni mwashi na mpiga kinubi. Sisi tungesema fundi mitumbwi, anayekuwa fundi kwa kuunda mitumbwi. Kila usiku wa nyavu ndogo hurahisisha usiku unaofuata, na sangara wa chini ya sentimita 50 wanaokwisha leo ndio ambao wangezaa kesho.

Hata hivyo tunamwona Aristotle ni mkweli kuliko wengi wetu mimbarini: alikubali kwamba ni vigumu kutenda mema bila mahitaji ya lazima. Ada ya shule si ulafi. Parokia inayomhubiria mvuvi juu ya nyavu bila kumuuliza juu ya ada imesoma nusu ya kitabu.

Usiku ule tulimsimulia baba mdogo habari za ile pete. Alicheka, kisha akauliza, "Na huyo mchungaji alikuwa na watoto wangapi?" Hatukuwa na jibu. Plato hakusema.

Alfajiri alirudi na samaki wachache. Hatukumuuliza alikwenda na nyavu zipi.